Sindano Kumi na Mbili

Jumatatu, Machi 1

Nimehamishwa. Barua inasema "kwa manufaa ya kazi", maneno ambayo mimi mwenyewe nimewachapia wenzangu si chini ya mara tisa, kwa hiyo sihitaji mkalimani. Miaka kumi na moja kwenye masjala ya hospitali, na halijapotea faili hata moja mikononi mwangu. Kuanzia leo niko chumba cha kutengeneza nguo. Kosa langu ni kumwambia daktari mmoja, mbele ya wanafunzi wake, kwamba faili analosoma si la mgonjwa aliyelala mbele yake. Nilikuwa na haki. Haki hiyo ndiyo iliyonifikisha huku.

Chumba kiko nyuma kabisa, kati ya kwa dobi na tanuri la kuchomea taka. Kina madirisha mawili, moja halifungiki. Cherehani mbili za miguu, meza ndefu ya kukatia, kabati lisilo na mlango. Ukutani pamepigiliwa kipande cha flana nyekundu, na juu yake sindano za mkono kumi na mbili zimechomekwa kwa safu.

Mwenye chumba ni mama wa miaka hamsini na kitu. Hospitali nzima inamwita Bi Subana, kwa sababu ya subana, kile kikofia cha chuma cha kushonea, ambacho hakivui kidoleni hata anapokunywa chai. Chini ya kola ya gauni lake amechomeka sindano yake mwenyewe ya nyumbani, yenye tundu pana. Alinitazama toka kichwani mpaka viatuni.

"Umewahi kushona?"

"Vifungo."

"Basi tutaanza na kufumua."

Nyumbani, dada yangu, ninayekaa naye tangu mumewe afariki, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mdogo wangu, umetoka kwenye majina ya watu umehamia kwenye matambara yao!" Yeye nguo ikitoboka anaitupa. Anasema maisha yenyewe mafupi.

Jumanne, Machi 2

Nimefundishwa sheria ya sindano kabla ya kufundishwa kuishika. Unachomoa moja tu kwenye flana na kutaja kwa sauti: "Moja nje." Ukimaliza, au ukitaka kunyanyuka kwa sababu yoyote ile, unairudisha kwanza: "Moja ndani." Ikivunjika, vipande vyote viwili vinarudi. Saa kumi jioni zinahesabiwa, na bila kumi na mbili hatoki mtu, hata kama paa linaungua.

"Shuka hizi wanalalia watu wasioweza kujigeuza," Bi Subana alisema. "Ukiisahau sindano humo, yeye ndiye atakayeiona, tena kwa mgongo."

Nilimwambia masjala nako tulikuwa na taratibu zetu.

"Faili halichomi," akasema.

Jumatano, Machi 3

Shuka huanza kufa kiunoni, pale mtu anapolalia, wakati kingo bado nzima. Wasiojua huitupa. Bi Subana huikata katikati kwa urefu, toka kichwani mpaka miguuni, akazigeuza pande mbili: kingo zinakuja katikati zinaunganishwa, na kile kiuno kilichochakaa kinakwenda pembeni, kinachomekwa chini ya godoro, hakina kazi tena. Shuka inarudi kitandani miaka mingine miwili. Ikichoka, sehemu nzima zinakuwa shuka za watoto, halafu foronya, halafu vitambaa vya kufungia mkono uliovunjika, halafu matambara ya sakafu.

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo tunamjazia Dobi mto wa kiti chake."

Sikujua kama ni mzaha. Nilikwenda kuangalia kile kiti. Si mzaha.

Alhamisi, Machi 4

Mvua ya kwanza. Uzi mweupe uliisha saa nne, stoo wakasema wiki ijayo, nikapewa wa buluu. Nimeshona viraka vyangu vitatu vya kwanza, kwenye shuka tatu. Cha tatu kimekwenda upogo. Saa tisa Dobi alipiga kelele kwamba nguo zinalowa kambani, tukatoka mbio, mimi wa kwanza. Tuliporudi, mwenye toroli alikuwa ameshapita na kuzoa vyote vilivyokuwa mezani kuvipeleka wodini.

Jioni Bi Subana alizihesabu sindano peke yake, kanipa mgongo, akaniambia nifunge dirisha. Nilipambana nalo weee. "Kumi na mbili," akasema nyuma yangu. Ndipo nilipokumbuka kwamba dirisha lile halifungiki.

Ijumaa, Machi 5

Mvua. Viraka vitano. Bi Subana na Dobi walibaki nyuma jana na leo. Sikuulizwa wala sikuuliza.

Jumatatu, Machi 8

Nimeanzisha daftari la kazi, maana chumba hakikuwa nalo. Wiki yangu ya kwanza nilikuwa nikihesabu kimyakimya: Bi Subana alianza na vipande thelathini kwa siku. Leo ishirini na mbili. Mimi saba.

Alinitazama nikipiga mistari kwa rula. "Wewe," akasema, "huwezi kuona kitu usikiandike?"

Nikamwambia kisichoandikwa hakijafanyika.

"Haya," akasema.

Jumanne, Machi 16

Ameanza mtindo wa kupapasa. Kila shuka inayotoka kwa Dobi, iliyochanika na isiyochanika, anaitandaza mezani, anafumba macho, anaipitisha mikononi toka upindo hadi upindo, taratibu, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Kisha inayofuata. Leo: kumi na saba.

Ijumaa, Machi 19

Dobi ni mwanamume mrefu mwenye mikono iliyochujuka kwa sabuni. Siku hizi anakuja mara tatu kwa siku na bunda alilolitenga, analiweka mbele ya Bi Subana, wananong'ona. Nikiingia wananyamaza. Najua ninavyosemwa. Hawa watu neno "karani" kwao si sifa.

Jumatano, Machi 24

Mkuu wa Stoo ametutembelea. Hajapata kukanyaga huku mwaka mzima, kwa maelezo ya Bi Subana, kwa hiyo tulijua hakuja kutusalimia. Alileta shuka mpya sita za kujaribia, nyeupe, bado zina mikunjo ya kiwandani. Kuna mtu yuko tayari kuleta mia nne za aina hiyo. Zikija, alisema, za zamani zote tanurini, na chumba hiki kitakuwa stoo ya magodoro.

Bi Subana alisugua ncha ya moja kati ya vidole viwili. "Hii imeshiba wanga tu. Ikifuliwa mara kumi utaona ukuta wa pili."

"Mama, dunia inakwenda mbele."

"Iende," akasema Bi Subana, "lakini isiende uchi."

Dobi alicheka, Mkuu hakucheka. Dobi amepewa azifue hizo sita pamoja na nyingine ili zionekane zinavyovumilia.

Jumanne, Machi 30

Mvua. Hakuna kilichokauka.

Jumanne, Aprili 6

Nimemwuliza.

"Mama, macho yanakusumbua?"

"Yananisumbua yakiona watu wa maswali."

"Basi kwa nini unapapasa?"

"Fanya yako, mwanangu."

Nimefanya yangu. Kumi na mbili, yeye kumi na nne. Mwanafunzi wa mwezi mmoja anakaribia kumpita fundi wa miaka ishirini na sita, na hakuna anayeshtuka isipokuwa daftari.

Jumatano, Aprili 14

Leo nimegeuza shuka yangu ya kwanza, peke yangu, toka kukata mpaka kupiga pasi. Nilipomaliza nilipitisha kiganja kwenye mshono wa katikati na sikuusikia. Nilifurahi. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli.

Nyumbani nimeokota blauzi ya dada kwenye pipa la taka. Viwiko vimetoboka, basi, mengine yote mazima. Nimevitia viraka kwa ndani na kwa nje.

Jumamosi, Aprili 17

Dada kaikuta blauzi kambani. "Nani kaninunulia blauzi?" Kaivaa, kaenda nayo sokoni, karudi nayo.

Jumanne, Aprili 20

Mkuu wa Stoo ameniita ofisini, akanipa kiti na chai. Alisema mtu kama mimi kuwekwa kwenye matambara ni kupoteza kichwa bure. Alisema masjala kumevurugika, mafaili hayaonekani, jana wamemtafuta mgonjwa wa figo wakaletewa wa jino. Akataka ripoti fupi ya chumba, ya haki kabisa, namba tu, na hasa hali ya yule mama. "Tukishamaliza la chumba," akasema, "unarudi kwenye kiti chako."

Nilijua ananivika kilemba cha ukoka. Niliinamisha kichwa kikae vizuri.

Alhamisi, Aprili 22

Ripoti iko tayari. Ukurasa mmoja na nusu. Hakuna neno la uongo ndani yake. Wiki ya kwanza ya Machi, vipande thelathini kwa siku. Wiki hii, kumi na vitatu. Fundi hufumba macho na kupapasa kila shuka kabla ya kuishona, hata zisizo na tundu. Nimemalizia hivi: "Kwa maoni yangu uwezo wake wa kuona umefifia kiasi cha kuathiri kazi."

Nimeisoma mara tatu. Ni ripoti nzuri. Kesho naipeleka.

Ijumaa, Aprili 23

Nimeipeleka. Bi Subana alinigawia nusu ya mkate wake saa nne. Nilisema nimeshiba.

Jumatano, Aprili 28

Barua ililetwa saa tatu asubuhi. Inamtaka apumzike nyumbani kuanzia leo mpaka uamuzi wa chumba utakapotolewa. Bi Subana aliisoma mwenyewe, bila miwani, karatasi ikiwa mbali na uso, mpaka mstari wa mwisho.

"Inasema macho yangu yamefifia," akasema. "Tena inasema kwa namba."

Nilikuwa nimeshika kipande cha foronya, nikakikunja, nikakikunjua.

Hakunitukana. Ningependa kuandika kwamba alinitukana. Alikwenda ukutani akazihesabu sindano kwa sauti, moja mpaka kumi na mbili, ingawa ilikuwa asubuhi na kazi haijaanza. Akavua subana akaiweka juu ya meza ya kukatia. Kidole chake bila subana ni chembamba, kina mzingo mweupe ambao haujaona jua miaka yote hiyo.

"Shuka zote zipapase," akaniambia mlangoni. "Za uzi wa buluu hasa."

Nilidhani ni uchungu unaomsemesha. Sikupapasa kitu.

Jumatatu, Mei 3

Peke yangu. Mvua usiku na mchana. Vipande kumi na tisa. Ni namba nzuri na sina wa kumwonyesha. Dobi ananiwekea mabunda mlangoni na kuondoka bila salamu.

Alhamisi, Mei 6

Barua kutoka utawala: nirudi masjala Jumatatu, Mei 17. Dada kanunua soda mbili kubwa kunipongeza. Nimekunywa yangu yote. Nilitegemea ingekuwa tamu zaidi.

Jumanne, Mei 11

Siku ya tisa bila jua. Kwa Dobi nguo zimetundikwa mpaka kwenye mlango, zinanuka uvundo. Wodi ya wanaume ikabidi watoe shuka za akiba, zile zilizokaa chini ya kabati lao tangu mwanzo wa mvua. Saa nane sista wa zamu alirudisha moja. "Hii ina doa la kutu," alisema. "Siwezi kumlalisha mtu hapa."

Niliitandaza. Ilikuwa na kiraka cha uzi wa buluu, kimekwenda upogo. Nilikitambua kabla sijakisogelea. Doa lilikuwa mstari mwembamba wa kahawia kwenye ukingo wa kiraka, urefu wa kidole. Nikapitisha kidole gumba juu yake. Kulikuwa na kitu kigumu, kimelala ndani ya upindo. Nilifumua nyuzi nne kwa ncha ya mkasi, na sindano ikatoka, nyekundu kwa kutu, kipande cha uzi wa buluu bado kimo tunduni.

Nilikwenda kwenye flana nikahesabu. Kumi na mbili. Nikahesabu tena kwa kuzigusa moja moja. Kumi na mbili ukutani, na moja mkononi.

Mimi ni mtu wa masjala. Faili lililopotea likipatikana na hesabu ikazidi, ujue kuna mtu alitia jingine kuziba pengo. Nikazitazama kwa karibu. Kumi na moja ni za aina moja. Ya mwisho kwenye safu ina tundu pana. Ni ile aliyokuwa ameichomeka Bi Subana chini ya kola siku ya kwanza niliyomwona, na sasa ninapofikiri, sikumbuki kuiona tena kolani tangu wiki ile ile.

Nikafungua shajara hii. Machi 4. Tukatoka mbio, mimi wa kwanza. Ndivyo nilivyoandika, tena kwa majivuno. Sikusema "moja ndani". Niliichomeka kwenye upindo nilioushona nusu ili isipotee, nikakimbilia nguo, na niliporudi kiraka kilikuwa kimeshaondoka na toroli. Sikuikumbuka tena, maana jioni kulikuwa na kumi na mbili.

Niliketi juu ya bunda la nguo mbichi. Miezi miwili yule mama ameitafuta sindano yangu kwa vidole, shuka baada ya shuka, na mimi nimekaa meza ya pili nikimhesabia alivyochelewa. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Hata nikiandika sasa yanawaka.

Jumatano, Mei 12

Nilianza kwa Dobi. Nilimwonyesha sindano. Aliiangalia, akafuta mikono kwenye aproni.

"Jioni ile ile tulikimbia wodini, mimi na yeye. Tukavipata viraka vyako viwili. Cha tatu hatukukiona, na hatukuweza kuuliza bila kusema tunatafuta nini. Tangu siku hiyo nguo yoyote ikitoka kwenye maji yangu inapita mikononi mwake kabla haijapanda kitanda. Pengine sindano imechomoka ikaingia kwenye shuka nyingine, nani ajue? Ndiyo hayo mabunda uliyodhani tunakusengenya."

"Sikudhani."

"Ulidhani," akasema Dobi.

Nilidhani.

Baada ya kazi alinielekeza kwa Bi Subana. Anakaa chumba kimoja juu ya duka la rangi. Pazia lake limeungwa kwa vipande vya sare za wauguzi za miaka yote, za mistari na zisizo na mistari, na mshono hauonekani mpaka ulisogelee. Nilisimama mlangoni nikamnyooshea sindano juu ya kiganja.

Aliiona toka alipoketi, hatua sita. "Ilikuwa wapi?"

"Akiba ya wodi ya wanaume, chini kabisa ya kabati. Haikulaliwa, Mama. Hakuna aliyeilalia."

Akafumba macho, akashusha pumzi, na machozi yakamtoka bila sauti. Kisha akaniambia niketi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeiandika. Ikishaandikwa Mkuu anaisoma, na yule anatafuta sababu ya kukifunga chumba tangu mwaka juzi. Nikajisemea, kesho nitaipata. Kesho ikawa keshokutwa." Alijifuta uso kwa upindo wa mtandio. "Nilikosea, usinipambe. Ingemchoma mgonjwa wa watu, ningejibu nini? Usingizi sikuupata."

"Lakini kosa lilikuwa langu."

"La kwanza lako. La pili langu." Akanitazama sawasawa. "La tatu lako tena."

Hiyo ndiyo mara pekee aliyoitaja ripoti. Hakunikaribisha chai, na sikustahili.

Alhamisi, Mei 13

Nimemweleza dada yote. Alisikiliza huku anakunja nguo, blauzi ya viraka ikiwa juu ya fungu.

"Jumatatu una kiti chako masjala," alisema.

"Najua."

"Na ukinyamaza hakuna atakayejua. Huyo mama hatasema, Dobi hatasema."

"Najua, dada."

"Mh." Akakunja nguo mbili tatu. "Mkono ulioandika ndio utakaofuta. Ila mimi sijasema kitu."

Nimeandika ripoti ya pili. Ni fupi kuliko ya kwanza na imenichukua muda mrefu zaidi. Inasema sindano iliachwa kwenye shuka na mimi, tarehe 4 Machi, kwa kuvunja utaratibu nilioufundishwa siku mbili kabla. Inasema fundi alipaswa kutoa taarifa siku hiyo na hakutoa, na kwamba vile vipande vilivyopungua vilipungua kwa sababu alikuwa akiitafuta. Inasema macho yake hayana kasoro, na kwamba mwandishi wa ripoti ya kwanza hakuuliza vya kutosha. Nilitaka kuliondoa lile la kutotoa taarifa. Nililiacha, kwa sababu nimechoka na ripoti zenye ukweli nusu.

Ijumaa, Mei 14

Mkuu wa Stoo aliisoma akiwa amesimama. Aliniuliza kama najua nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Nilisema najua.

"Sindano kwenye shuka ya hospitali! Hii peke yake inatosha kufunga chumba leo hii."

Wakati huo Dobi alikuwa ameingia nyuma yangu, hakuitwa na mtu. Begani alikuwa na moja ya zile shuka mpya sita. Alikwenda dirishani akaitandaza kwa mikono miwili mbele ya mwanga. Imefuliwa mara kumi na nne. Kupitia kiunoni mwake niliuona mti ulio nje, na maji yakidondoka kwenye majani. Mkuu naye aliuona.

"Zote sita ziko hivi?" akauliza.

"Hii ndiyo nzima," Dobi akasema. "Nyingine zina matundu. Na wa kuyaziba umempumzisha."

Mkuu alikaa. Alitia kidole kwenye kitambaa, kidole kikatokea upande wa pili, akakitoa haraka akakiangalia. Kisha akatoa maamuzi bila kutuangalia. Bi Subana arudi, kwa sasa, na onyo la maandishi. Habari ya chumba itatazamwa upya mwisho wa mwaka. Masjala nisahau. Nibaki chini ya yule mama, kama mwanafunzi. Hilo la mwisho alilitamka kwa sauti ya adhabu, na nililipokea kwa kichwa kilichoinama, safari hii bila kilemba.

Jumatatu, Mei 17

Kiti changu masjala kimepewa mwingine. Nimepita mbele ya dirisha lake mara moja tu. Anaweka mafaili wima upande usiofaa. Vipande ishirini.

Jumatano, Mei 19

Amerudi. Dobi alimpokea mkoba kama bibi harusi. Mimi nilisalimu, akaitikia, basi. Aliivaa subana, akaizungusha kidoleni mpaka ikakaa, akaenda ukutani. Akaichomoa ile yenye tundu pana akairudisha kolani kwake. Kwenye pengo lililobaki akaichomeka yenye kutu.

"Hiyo haishoni tena, Mama."

"Haishoni. Inahesabiwa."

Kisha akaketi. "Kile kiraka chako kiko wapi?"

Nikamletea. Alikigeuza mbele na nyuma. "Fumua."

Nimekifumua nikakishona upya. Alikipitisha kidole. "Fumua." Mara ya pili, "Fumua." Mara ya tatu saa kumi ilikuwa imefika, tukahesabu sindano, tukaenda nyumbani.

Alhamisi, Mei 20

Fumua.

Ijumaa, Mei 21

Fumua. Saa nne alinigawia nusu ya mkate. Niliupokea.

Jumanne, Mei 25

Asubuhi kulikuwa na jua la kweli, la kwanza baada ya wiki tatu, na Dobi akatundika kila alichokuwa nacho. Kuanzia saa saba wingu likaanza kujikusanya upande wa tanuri. Nilikuwa kwenye kile kiraka, uzi mweupe safari hii, nimebakiza upande mmoja. Saa tisa ngurumo ikapiga, na Dobi akapaza sauti: "Nguo kambani jamani!"

Miguu yangu ilikuwa imeshanyanyuka. Bi Subana hakuinua kichwa kutoka kwenye kazi yake. Nilikaa tena. Nikafunga fundo, nikakata uzi, nikaenda ukutani nikaichomeka mahali pake. "Moja ndani," nikasema. Nikazihesabu zote kwa kidole, taratibu, kumi na mbili, na ile ya kutu imo. Nje Dobi alikuwa anaita kama anayeibiwa. Ndipo nikatoka mbio.

Tulipoingiza za mwisho, nne zilikuwa zimeshalowa. Dobi alinung'unika kwamba siku hizi karani anakimbia kwa mapozi. Nilirudi ndani nikidondosha maji. Bi Subana alikuwa amekitandaza kiraka changu mezani, anapitisha kidole kwenye ukingo, macho yake wazi. Alifika mwisho, akaanza tena. Nilisimama nikingoja lile neno.

Alikunja shuka mara nne akaiweka kwenye fungu la kwenda wodini.

"Andika," akasema.

"Niandike nini, Mama?"

"Shuka nne zimelowa. Sindano zote zipo."

Nimeandika.